Nyara, Kitalu na Shamba la Bibi: Uhakiki wa Lugha ya Uwindaji na Uhifadhi

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuelekeza macho yao kwenye tenzi, riwaya na tamthilia. Lugha ya ofisini, ya tangazo la Serikali na ya hati ya mashtaka aghalabu imeachiwa wanasheria na wafasiri, kana kwamba neno likiisha kupigwa mhuri halina tena fani wala maudhui. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Lugha ya ofisini nayo ina tamathali zake, ina wahusika wake, na ina watu inaowaficha nyuma ya pazia. Tena ina matokeo ambayo utenzi hauna, kwa kuwa msomaji wa utenzi hafungwi jela kwa sababu ya istiara.

Mfano uliochaguliwa ni msamiati wa uwindaji wa kitalii na uhifadhi wa wanyamapori, hasa kama ulivyokua nchini Tanzania. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo mwaka 1977, na kwa hiyo lugha ya vitalu na migawo haikupata nafasi ya kukomaa upande huu wa mpaka. Tanzania, ambako ofisi huendesha shughuli zake kwa Kiswahili, ndiko ilikokomaa. Ni kweli kwamba sheria zenyewe, ile ya mwaka 1974 na ile ya mwaka 2009 iliyochukua mahali pake, ziliandikwa kwa Kiingereza. Lakini askari, karani, mwandishi wa gazeti na mshtakiwa wamekuwa wakizijua kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji wa haki. Maneno yaliyokuwa ya mazoea sasa yanaelekea kuwa maneno ya sheria yenyewe. Huu basi ndio wakati wa kuyapima.

Hoja ya makala ni moja. Msamiati huu una mafungu mawili ya tamathali: fungu la vita na fungu la kilimo. Mwanakijiji anayekutwa na kipande cha nyama huzungumziwa kwa lugha ya vita. Mwenye kibali hulindwa kwa lugha ya kilimo. Mnyama ni yule yule, na risasi ni ile ile. Rushwa na usimamizi mbovu vimepata kichaka chao katika mwanya ulio baina ya mafungu hayo mawili.

Nyara

Nyara ni neno la vita. Ni mali, mifugo au watu waliotwaliwa kwa nguvu kutoka kwa adui aliyeshindwa. Hata leo msemaji wa Mombasa au Nairobi alisikiapo neno hili, kwanza hufikiria kuteka nyara, yaani kumkamata mtu au chombo kwa mtutu wa bunduki. Katika lugha ya wanyamapori nchini Tanzania, hata hivyo, nyara ni pembe, jino, ngozi, kwato, nyama au sehemu nyingine yoyote ya mnyama wa porini. Kosa la kukutwa navyo bila idhini hujulikana mahakamani kama kupatikana na nyara za Serikali.

Mfasiri wa kwanza hakukosea. Neno la Kiingereza alilokuwa akilitafutia mwenzake nalo lina asili ya vita. Latokana na Kigiriki, ambako lilikuwa jina la mnara wa silaha uliosimamishwa pale adui alipogeuza mgongo akakimbia. Lakini Kiswahili kilipolihitaji neno hilo hilo kwa shughuli za michezo kilichagua kombe. Tofauti hiyo yafaa izingatiwe. Kombe hushindaniwa mbele ya mwamuzi, kwa kanuni ambazo pande zote mbili zimezikubali. Nyara haina mwamuzi.

Linalostahili kuchunguzwa zaidi ni kile kiunganishi cha -a. Nyara za jeshi, katika matumizi ya kawaida, ni zile ambazo jeshi limezitwaa. Mwenye nyara ni mtekaji, si mtekwaji. Kwa kanuni hiyo, nyara za Serikali ni vitu ambavyo Serikali imevitwaa vitani. Imevitwaa kwa nani? Sheria ya mwaka 2009 inajibu vingine kabisa. Yasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na kwamba mali hiyo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo sheria yazungumza juu ya amana, na istilahi yazungumza juu ya ngawira. Kiswahili kinalo neno amana tangu zamani, na kila mzungumzaji analijua sharti lake: aliyewekewa amana hana budi kuirudisha, au aeleze imekwendaje. Mwenye nyara hadaiwi hesabu na mtu.

Wala tofauti hii si ya kinadharia. Mahakama za Tanzania zimetoa vifungo vya miaka 20 kwa watu waliokutwa na nyama ya porini, tena mara nyingine si nyama ya tembo wala ya faru. Kwa upande wa pili, mgeni aliyelipa ada huondoka na kichwa cha simba kikiwa kimefungashwa vizuri, na hati juu yake. Ada imelifuta neno Serikali katika nyara zake. Kuwapo kwa ada si kosa. Kosa laanzia pale ambapo mwananchi, ambaye kisheria ndiye mwenye amana, hawezi kujua ada hiyo ilikuwa kiasi gani, nani aliipanga, na imekwenda wapi.

Msasi, Bwana Nyama na Jangili

Kabla ya leseni, Kiswahili kilikuwa na msasi. Neno hili sasa limechakaa, lakini lilibeba heshima ya ufundi: msasi alikuwa na mbwa wake, mitego yake, miiko yake na mganga wake. Utawala wa Wajerumani ulipotoa amri ya uwindaji mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, msasi alitakiwa kuwa na leseni, na baadhi ya mapori yakafungwa kabisa. Waingereza waliufuata mwendo huo pande zote mbili za mpaka. Hapo ndipo lugha ilipowahitaji wahusika wawili wapya.

Wa kwanza ni Bwana Nyama, jina ambalo wenyeji walimpa ofisa wa idara ya wanyama. Jina hilo lina kejeli iliyojificha ndani ya sarufi. Mnyama katika Kiswahili ana uhai na hupewa upatanisho wa kiumbe. Nyama ni kitoweo. Aliyeitwa Bwana Nyama hakuitwa bwana wa wanyama, bali bwana wa kile kinachobaki baada ya mnyama kufa. Yamkini ilikuwa njia ya mkato ya kusema, lakini umma haukosi kujua anayegawa kitoweo.

Wa pili ni jangili. Neno hili linashabihiana mno na neno la Kihindi lenye maana ya mtu wa mwituni, asiyestaarabika. Kama huko ndiko lilikotoka, basi historia yake ni fupi na ya kusikitisha: mtu aliyeitwa msasi kwa sababu ya kazi yake alikuja kuitwa mshenzi kwa sababu ya mahali anapokaa. Hakubadili upinde wala mshale. Lililobadilika ni jina.

Kenya ina mfano ulio wazi katika Wawaata, ambao wengine huwaita Waliangulu, wawindaji wa tembo wa nyika ya Tsavo waliosifika kwa pinde zao nzito. Katika miaka ya 1956 na 1957 uliendeshwa msako mkubwa dhidi yao, na wengi wakatiwa gerezani. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, kando ya hifadhi, uliokusudiwa kuwaruhusu Wawaata kuwinda kwa halali na kuishi kwa kazi waliyoijua. Mpango huo haukufika mbali. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, ardhi ile ilikuwa imekodishwa kwa ufugaji wa kibiashara. Edward Steinhart, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu historia ya uwindaji nchini Kenya wakati wa ukoloni, aliiweka rangi katika jina la kitabu chenyewe: jangili ni mweusi, na mwindaji ni mweupe. Baada ya uhuru rangi ilipungua nguvu, lakini migawanyo ya maneno ikabaki. Mahali pa rangi pakachukuliwa na kibali.

Neno kibali lenyewe ni ndugu wa kukubali. Swali la kuuliza ni nani aliyekubali. Katika mfumo uliorithiwa, anayekubali ni ofisi. Kijiji ambacho mazao yake yaliwa na tembo usiku hakimo miongoni mwa wenye kukubali, wala hakimo miongoni mwa wenye kukataa.

Kitalu na Mavuno

Mtu akitoka katika fungu la vita na kuingia katika fungu la kilimo, huhisi kana kwamba amevuka mto. Kelele za bunduki hazisikiki tena. Hapa pana pori la akiba, pori tengefu, kitalu, mgawo na uvunaji. Yote ni maneno ya amani, ya mtu mwenye busara anayeweka akiba ya kesho.

Kitalu kwa mkulima ni mahali pa kuoteshea miche. Hutengwa, huzungushiwa ua, humwagiliwa maji, nayo miche ikikomaa huhamishiwa shambani. Kitalu cha uwindaji kina ua huo huo wa maneno, lakini hakina miche. Ni eneo ambalo kampuni hupewa haki ya kuua idadi fulani ya wanyama kwa msimu. Idadi hiyo huitwa mgawo, na kuua kwenyewe huitwa kuvuna. Istiara imekamilika: mwindaji amekuwa mkulima. Lililosahauliwa ni kwamba mkulima huvuna alichopanda.

Istiara hii isingekuwa na madhara makubwa kama kungekuwa na hesabu nyuma yake. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ya vitalu nchini Tanzania yaweza kusomwa kama ufafanuzi wa methali hiyo. Uwindaji ulisimamishwa mwaka 1973, na ulipofunguliwa tena mwaka 1978 ukawa mikononi mwa shirika la umma la TAWICO. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Idara ya Wanyamapori ikashika yenyewe kazi ya kugawa vitalu kwa makampuni binafsi. Kwa miaka mingi kila kitalu kilitozwa ada moja ya dola 7,500 za Kimarekani kwa mwaka, kiwe kitalu chenye simba na chui au kitalu kilichobakiwa na nyani. Hapakuwa na mnada wala ushindani wa wazi. Kampuni ilitakiwa kutumia, au kulipia, walau asilimia 40 ya thamani ya mgawo wake. Watafiti wawili, Rolf Baldus na Andrew Cauldwell, walieleza katika ripoti ya mwaka 2004 jinsi vitalu vilivyokuwa vikitolewa kwa uamuzi wa ofisi, na jinsi baadhi ya waliovipata walivyovikodisha kwa wawindaji wa kigeni kwa bei kubwa kuliko waliyoilipa Serikali.

Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo mavuno ya kweli, na aliyeyavuna hakuingia porini wala hakushika bunduki. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Sarufi imemsaidia simba huyu. Mgawo ni nomino iliyotokana na kitenzi gawa. Kitenzi hakina budi kuwa na mtenda: fulani aligawa, akampa fulani, akamnyima fulani. Nomino haina haja ya mtenda. Tangazo laweza kusema kwamba mgawo wa msimu umetolewa, na sentensi ikawa kamili bila ya mtu yeyote kutajwa. Katika mazungumzo ya mitaani mgao, pacha wa neno hilo, umekuwa na maana ya fungu la kila mla rushwa. Ofisi na mtaa vinatumia mzizi mmoja, na mtaa ndio uliosema wazi zaidi.

Mwaka 2017 Waziri wa Maliasili na Utalii, Hamisi Kigwangalla, alifuta utaratibu wa kugawa vitalu kiofisi na kutangaza kwamba vingeuzwa kwa mnada. Mnada wa kwanza ulifanywa mwaka 2019 na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Hii ilikuwa hatua ya haki. Mnada una shahidi, na una bei inayosikika. Lakini mnada hutibu swali la nani anunue. Hautibu swali la nani aulizwe kabla ya kuuza.

Pori Tengefu la Loliondo

Swali hilo la pili linaonekana wazi zaidi Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mpakani na Kenya. Kwa muda mrefu Loliondo ilikuwa pori tengefu. Chini ya sheria ya mwaka 1974, pori tengefu lilikuwa eneo ambamo uwindaji ulidhibitiwa, lakini watu waliishi, walichunga na walilima. Utengefu ulihusu bunduki, haukuhusu makazi. Vijiji vya Wamaasai vilikuwamo ndani yake, na havikuwa vimevunja sheria yoyote.

Mwaka 1992 haki ya kuwinda huko ilitolewa kwa kampuni ya kutoka Falme za Kiarabu, bila ya vijiji hivyo kushirikishwa ipasavyo. Mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliifichua habari hiyo mwaka 1993, nayo ikawa miongoni mwa kashfa za kwanza za enzi ya magazeti huru nchini humo. Mwaka 2009, katika kiangazi kikali, maboma yalichomwa na watu wakaondolewa kupisha shughuli za uwindaji. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria mpya, ambayo ilipiga marufuku kilimo na malisho ndani ya mapori tengefu.

Kwa mwanaisimu, tukio hili ni la pekee. Neno halikubadilika. Pori tengefu liliendelea kuitwa pori tengefu. Iliyobadilika ni maana yake, na ilibadilishwa na kifungu cha sheria juu ya vichwa vya watu waliokuwa wamelala ndani ya neno hilo. Mtu alilala mkazi na kuamka mvamizi bila ya kuhama hata hatua moja. Mwezi Juni 2022 askari walipofika kuweka vigingi vya mipaka ya kilometa za mraba 1,500, mapambano yalizuka. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi kadhaa wakajeruhiwa, na wengine wakavuka mpaka kuingia Narok kutafuta matibabu na hifadhi. Neno hifadhi, ambalo kwao lilikuwa jina la kitu kilichowafukuza, walilikuta Kenya katika maana yake ya asili.

Uhai na Tokomeza

Fungu la vita lina majina yake ya heshima pia. Mwaka 1989, tembo walipokuwa wakiuawa kwa maelfu kila mwaka, Tanzania iliendesha msako uliopewa jina la Operesheni Uhai. Mwezi Oktoba 2013 uliendeshwa mwingine, ukaitwa Operesheni Tokomeza. Majina haya mawili yanastahili kusomwa pamoja. La kwanza linataja kinacholindwa. La pili ni kitenzi cha amri, na kitendo chake ni kufuta kabisa.

Haingefaa kudai kwamba jina ndilo lililowaongoza askari. Hata hivyo, kamati ya Bunge iliyochunguza operesheni ya 2013 ilieleza mambo yanayolingana mno na kitenzi hicho: watu kuuawa, wengine kuteswa, mali na mifugo kuangamizwa. Operesheni ilisitishwa baada ya wiki chache, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakaondolewa madarakani. Wakati huo huo sensa ilionyesha kwamba tembo wa Tanzania, waliokadiriwa kuwa 109,051 mwaka 2009, walikuwa 43,330 mwaka 2014. Idadi kubwa namna hiyo ya meno haiwezi kubebwa mabegani na wanakijiji wenye magobore. Yahitaji malori, maghala, hati za bandari na watu wa kufumba macho. Lugha ya vita ilikuwa imeelekezwa porini, ilhali sehemu kubwa ya kosa ilikuwa barabarani, bandarini na mezani.

Jawabu la Umma

Umma haukuyapokea maneno ya ofisi kwa unyamavu. Pori la akiba la Selous, lililoitwa hivyo mwaka 1922 kwa jina la mwindaji Mwingereza Frederick Selous aliyeuawa huko vitani mwaka 1917, lilikuwa na jina jingine midomoni mwa watu: Shamba la Bibi. Masimulizi husema kwamba Mfalme wa Wajerumani alilitoa pori hilo zawadi kwa mkewe. Iwe ni kweli au ni hekaya, jina hilo linakumbuka jambo moja la hakika, kwamba pori hilo lilitolewa na watu wa mbali, na wakazi hawakuulizwa. Katika miaka ya 1940 watu wa upande wa Liwale walihamishwa, kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na makazi yao ya zamani yakamezwa na pori.

Baadaye jina hilo likavuka mipaka ya Selous na kuwa msemo. Shamba la bibi katika Kiswahili cha siasa cha leo ni mali isiyo na mlinzi, ambamo kila mpita njia huchuma apendavyo, maana mwenyewe amezeeka na wajukuu hawamwogopi. Hapa umma umefanya kazi ya mhakiki. Ofisi ilisema kitalu, akiba na mavuno. Umma ukaikubali istiara ya kilimo, ukaimalizia: ikiwa ni shamba, basi ni shamba la nani, na linachumwa na nani? Selous yenyewe iliupa msemo huo ushahidi. Tembo wa mfumo wake wa ikolojia walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 1976, wakawa takriban 70,000 mwaka 2006, na mwaka 2013 walibaki takriban 13,000.

Yafaa haki itendeke katika kulisoma anguko hilo. Kuanzia mwaka 1994 pori hilo liliruhusiwa kubakiza nusu ya mapato yake ya uwindaji kwa ajili ya doria na matunzo, na miaka ile ilikuwa miaka ya kupona. Utaratibu huo ulidhoofishwa katikati ya miaka ya 2000, fedha zikapelekwa kwingine, na majangili wakaingia. Kwa hiyo si kila kitalu kilikuwa uongo. Shamba lenye daftari lilizaa. Lilipofungwa daftari likawa la bibi.

Mfano wa pili wa jawabu la umma ni kejeli ya twiga kupanda ndege. Mwezi Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walisafirishwa kwa ndege ya kijeshi kutoka uwanja wa Kilimanjaro hadi Qatar. Twiga ni alama ya taifa la Tanzania. Mnyama mrefu kuliko wote, asiyeweza kufichwa kichakani, alipita katika uwanja wenye walinzi, forodha na taa. Msemo uliozaliwa hapo hauhitaji maelezo marefu. Wasema kwamba kilichokosekana hakikuwa macho.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza litasema kwamba neno haliui tembo. Ni kweli. Kenya ni ushahidi wake. Ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya bidhaa za wanyamapori mwaka 1978, na kwa hiyo vitalu na migawo vikafutwa, pamoja na majina yake. Hata hivyo tembo wake, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walibaki takriban 16,000 mwaka 1989. Rundo la tani 12 za pembe lililochomwa Nairobi mwezi Julai mwaka huo lilikuwa maombolezo na toba kwa pamoja. Kufuta uwindaji hakukufuta usiri. Lakini pingamizi hili laiunga mkono hoja ya makala kuliko kuipinga. Marufuku na vibali ni njia mbili za kutawala wanyama. Katika njia zote mbili mwananchi aliachwa nje ya mlango, na penye mlango uliofungwa wachache wenye ufunguo walijitengea fungu.

Jomo Kenyatta aliliona jambo hili zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wagikuyu aliweka hekaya ya tembo aliyeomba kuingiza mkonga tu katika kibanda cha mtu wakati wa mvua, akaishia kukitwaa chote. Tume ikaundwa kuchunguza, na wajumbe wake wote wakawa wanyama. Wakati ule tembo alikuwa mkoloni. Kinaya cha historia ni kwamba miaka ya 1970, chini ya utawala wa mwandishi huyo huyo, magazeti ya ng'ambo yalikuwa yakiwataja watu wa karibu na utawala kuwa washiriki wa biashara ya pembe. Hekaya haikuchakaa. Waliokaa katika tume ndio waliobadilika.

Pingamizi la pili litasema kwamba istilahi zikiisha kuzoeleka haifai kuzisumbua, kwa kuwa uthabiti ni sifa ya lugha ya sheria. Hili ni pingamizi zito zaidi. Lakini Loliondo imeonyesha kwamba uthabiti wa neno waweza kuficha ukosefu wa uthabiti wa maana. Neno lililobaki lile lile liliwahamisha watu.

Hitimisho

Kazi ya kuzitafsiri sheria za Tanzania kwa Kiswahili inaendelea, nayo itatoa mifano itakayoigwa na nchi jirani, Kenya ikiwamo. Wataalamu wa lugha wataitwa, na pengine watatakiwa kupiga mhuri tu juu ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Makala haya yanapendekeza wafanye zaidi ya hapo katika mambo matatu.

Kwanza, pale ambapo sheria imetamka udhamini, istilahi nayo itamke amana. Mtu atakayeshtakiwa kwa kukutwa na amana ya umma atakuwa amekosea kosa lile lile. Ila hakimu, askari na mshtakiwa wote watakumbushwa mwenyewe ni nani, na ofisa aliyeipoteza amana hiyo hiyo mezani atakosa neno la kujificha nyuma yake. Pili, pale penye nomino isiyo na mtenda, kama mgawo na ugawaji, sentensi ya sheria itengenezwe upya kwa kitenzi, ili anayegawa atajwe na atakiwe kueleza. Tatu, neno ambalo maana yake inabadilishwa lisiachwe na sura ile ile. Ikiwa pori tengefu la leo si lile la mwaka 1974, basi lipewe jina jingine, na wakazi walisikie kabla ya vigingi kufika.

Mapendekezo haya hayatamrudisha tembo mmoja. Lakini lugha inayowaficha watenda hulipunguzia kosa nusu ya mashahidi wake. Umma wenyewe umekwisha kutoa ushahidi wake kwa Shamba la Bibi na kwa twiga aliyepanda ndege. Wasomi wa lugha hawana sababu ya kuwa nyuma ya wasemaji.